Bembea Inayotisha Siyo Inayotapisha

Mimi ni makanga wa matatu jijini Nairobi, njia ya Rongai, na kazi hii inamfunza mtu kumjua abiria atakayetapika kabla gari halijafika Bomas. Ni yule aliyekaa nyuma kabisa, kichwa kimeinamia simu, dirisha limefungwa kwa sababu jirani yake anaogopa baridi. Namwelewa sana, kwani nami ni wa kundi lake. Nikalishe kiti cha nyuma cha nganya, ile matatu iliyopambwa yenye skrini, uniwashie video, na tukifika Wilson nitakuwa nameza mate. Lakini niache nining'inie mlangoni, upepo usoni, macho barabarani, na dereva akate kona atakavyo, sisikii kitu.

Kwa hiyo dada yangu aliponiomba nimpeleke binti yake kwenye bembea za Two Rivers, lile duka kubwa la Nairobi lenye uwanja wa michezo, sikukataa. Kila chombo cha kupanda pale mimi nakiita bembea. Watu waliniuliza, wewe unayeugua ukisoma bango ndani ya matatu, utapandaje vile vidude? Nimevipanda, na bado navipanda. Siri ni kujua kwamba woga na kichefuchefu ni vitu viwili tofauti. Mtu mwenye kizunguzungu akiingia uwanjani husikiliza kelele. Wanapopiga watu mayowe anapaepuka, na anapoona farasi wa plastiki wakizunguka polepole na muziki wa watoto, hapo ndipo anapokwenda. Baada ya dakika chache unamkuta ameshika ukuta.

Sababu iko sikioni. Ndani kabisa, kupita ngoma ya sikio, kuna vijia vitatu vya mviringo vyenye majimaji, vitatu kila upande. Kimoja kinahisi kichwa kikiinama na kuinuka, kingine kikigeuka kulia na kushoto, na cha tatu kikilalia bega. Kando yake kuna vifuko viwili vyenye chembe ndogo sana za chokaa, navyo hukuambia kama unasonga mbele, unapanda au unashuka. Macho nayo yana habari zake. Ukitazama simu garini, macho yanasema umetulia na sikio linasema mnakata kona. Ubongo haujui umwamini nani, na tumbo ndilo linalolipa. Dereva hatapiki kwa sababu kona anaiona kabla haijamfikia.

Yale majimaji yana tabia moja mbaya. Ukizungushwa kwa muda, yanashika mwendo wako. Ukisimama ghafla, yenyewe bado yanakwenda, ndiyo maana mtu anashuka kwenye bembea ya kuzunguka na ardhi inaendelea bila yeye. Na ukigeuza au kuinamisha kichwa wakati bado unazungushwa, vijia viwili vinatoa taarifa zinazogombana kwa mpigo. Hakuna kinachotapisha haraka kama hicho. Kwa hiyo kiatu kikikuponyoka huko juu, kiache kiende. Usiiname kukitafuta.

Kabla ya kununua tiketi, jua unaumwa nini. Kama wewe hutapika garini au kwenye feri ya Likoni, maelezo haya ni yako. Kama unachoogopa ni kimo tu, masikio yako ni mazima, na shida yako inatibika kwa kupanda kidogo kidogo, leo cha chini, siku nyingine cha juu. Lakini kama dunia huzunguka hata ukiwa kitandani, ukigeukia upande mmoja au ukiinua shingo kuchukua kitu kwenye rafu ya juu, usianzie kwenye bembea. Mara nyingi hali hiyo huletwa na zile chembe za chokaa kubanduka na kuingia kwenye vijia ambamo hazitakiwi. Daktari wa masikio anaweza kukulaza na kukigeuza kichwa chako hatua kwa hatua mpaka zirudi mahali pake. Mtindo huo umepewa jina la Epley, daktari Mmarekani aliyeubuni. Ni wa dakika chache tu, na wengi hupona. Hospitali ya Kenyatta ina kliniki ya masikio, pua na koo. Nenda kwanza, bembea haziendi popote. Wajawazito, wenye ugonjwa wa moyo, na wenye shingo au mgongo unaosumbua, nyinyi mbaki na mikoba yetu.

Siku yenyewe, kula. Najua wengi hufunga wakidhani tumbo tupu halina cha kutoa. Tumbo tupu linachafuka vilevile, tena kwa uchungu zaidi. Kula kitu kikavu na chepesi kama saa moja au mbili kabla, mkate au viazi vya kuchemsha. Chipsi zinazochuruzika mafuta na mutura ziache hadi utakaposhuka. Pombe ya jana usiku nayo inahesabika, na usingizi mfupi unahesabika zaidi. Kunywa maji, maana jua la Nairobi linadanganya, kuna baridi lakini linakausha.

Dawa zipo. Kwenye kemist ulizia cinnarizine. Mtu mzima kwa kawaida humeza miligramu 30, yaani vidonge viwili vya 15, saa mbili kabla ya safari. Neno la maana hapo ni kabla. Ukishaanza kuchafuka, tumbo linapunguza kazi na kidonge kinakaa tu humo. Kuna promethazine pia, nayo ina usingizi mzito. Nimewaona abiria wakipitishwa steji yao mpaka Kware kwa sababu yake. Zote mbili hazichanganywi na pombe, na aliyezimeza hashiki usukani. Mtoto asipewe kwa kukisia, mwambie mfamasia umri wake, na kama una dawa nyingine unazotumia mtajie. Tangawizi husaidia baadhi ya watu, ingawa haina nguvu za kidonge. Mimi huitafuna mbichi, na sijali wanaonicheka.

Sasa uwanjani. Jiulize maswali matatu kuhusu kila bembea: inazunguka? Inachukua muda gani? Nitaona mbali, kwenye upeo wa macho? Kimo na kasi viweke kando.

Lile gurudumu kubwa la Two Rivers, lenye kimo cha mita 60 hivi, linawatisha watu kuliko linavyostahili. Linakwenda polepole, unaona mbali, na hakuna kinachokizungusha kichwa. Kwa mwenye kichefuchefu ni mahali pazuri pa kuanzia. Elekeza macho mbali, kwenye miti ya Karura au vilima vya Ngong kama anga ni safi, usitazame miguu yako wala watu waliobaki chini. Simu iwe mfukoni. Picha utapiga ukishuka.

Rolakosta, yale mabehewa yanayokimbia juu ya reli ya kupanda na kushuka, ndiyo inayosingiziwa zaidi. Inatisha, sikatai, lakini nyingi huisha kabla ya dakika mbili, na kichefuchefu ni deni linalokua kwa muda. Kaa mbele au katikati. Mbele unaiona njia, kama dereva, na mwili unajiandaa. Katikati hutupwi sana. Behewa la mwisho ndilo linalochapwa. Kichwa kiegemeze kwenye kiti, macho yawe wazi, yatazame reli inakoelekea. Kufumba macho hapa ni kosa, maana unaliachia sikio neno la mwisho.

Jahazi linalobembea ni habari nyingine. Watafiti waliochunguza ugonjwa wa baharini waligundua kwamba mwendo wa kupanda na kushuka unaochukua kama sekunde 5 ndio unaochafua tumbo kuliko mwingine wowote. Makanga yeyote angewaambia. Matuta ya barabarani yanakupiga kichwa kwenye paa na hutapiki, lakini panda basi ambalo shokomzoba zake zimekufa, linaloyumba taratibu, uone. Lile jahazi huyumba karibu na kiwango hicho hicho. Kwa hiyo kiti ndicho kila kitu. Pale katikati, chini ya mhimili, unasogea kidogo. Huko kwenye ncha ndiko unakonyanyuliwa na kuachiliwa.

Mpwa wangu aliliona hilo mara moja. Tulipofika mbele ya foleni alinivuta mkono.

"Mjomba, tukae mwisho! Huko ndiko kunarushwa!"

"Katikati, mama. Ukishuka ukiwa mzima tutaongea juu ya huo mwisho."

"Katikati ni kwa wazee."

"Basi njoo uketi na mzee wako."

Aliketi, amenuna. Chuma kikashushwa mapajani, jahazi likaanza, na mara ya tatu au ya nne lilipopanda nikaona mkono wake mdogo umeacha kupunga na kukishika kile chuma. Midomo ilikuwa imepauka. Hiyo ndiyo dalili ya kutazamwa kwa mtoto, kwa sababu mtoto hasemi. Anaacha kucheka, anapiga miayo, anameza mate, jasho la baridi linatoka juu ya mdomo. Nilimwambia alaze kichwa kwenye kiti, achague paa moja mbali na asilipoteze, avute pumzi kwa pua polepole na kuitoa kwa mdomo polepole zaidi. Kuhesabu pumzi si mzaha wa kumtuliza mtu. Kunasaidia kweli tumbo. Tulishuka amekaa kimya, lakini hakutapika. Kumbuka pia kwamba watoto wa miaka 6 hadi 12 hivi ndio wanaosumbuliwa zaidi na mwendo, na wengi wao hali hupungua wakikua. Usimwite mwoga.

Vikombe vinavyozunguka, pamoja na wale farasi wa plastiki niliowataja, waachie wenye masikio ya chuma. Kama lazima umsindikize mtoto, kaa upande wa ndani, mkataze kukizungusha kikombe kwa ule usukani wa katikati, na umtazame yeye usoni au hicho kisahani cha katikati. Ukitazama nje, uwanja wote unapita mbele yako na mambo yameharibika. Waliokulia hapa wakienda Luna Park pale Uhuru Park, au bembea za shoo ya Jamhuri, wanajua kwamba hata bembea ndogo iliyochakaa ikizunguka vya kutosha inamwangusha mwanamume.

Kuna kitu kimoja kinachopindua sheria zote: vile vyumba vya sinema vyenye viti vinavyotikisika, na miwani ya kompyuta unayovalishwa kwenye maduka makubwa. Hapo macho ndiyo yanayodanganya. Yanaona unaruka bonde, na mwili umekaa palepale. Kwa hiyo hapa, na hapa tu, ukichafuka fumba macho. Mwendo wa macho utaisha papo hapo. Usisubiri filamu iishe kwa sababu umelipa.

Usipande mbili mfululizo. Shuka, simama, tazama mbali, tembea kidogo, ngoja mpaka tumbo lisahau. Ofa ya kupanda bila kikomo siku nzima ni nzuri kwa vijana wa shule, siyo kwako.

Na ikikushinda, ikushinde kwa heshima. Beba mfuko wako. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini 2017, makanga hana juala la kukupa na mhudumu wa bembea pia hana. Ule wa karatasi ya kaki ukilowa unatoboka, kwa hiyo tia mmoja ndani ya mwingine, au chukua kopo la plastiki lenye kifuniko. Ukishatapika usikimbilie kunywa soda nzima. Kaa kivulini, kichwa kiegemee kitu, maji kwa mafunda madogo. Usilale ukiwa umeinamisha kichwa magotini kama wanavyopenda kushauri watu, maana kuinamisha kichwa ndiko kunakoamsha sikio.

Kwa kawaida hali inaisha ndani ya saa chache. Ikibaki hadi kesho yake, au ikija na sikio kuziba na kuvuma, usiichukulie kuwa ya bembea, muone daktari. Na ukiona uso umepinda, maneno yanakwama, mkono umelegea au kichwa kinauma ghafla kwa namna usiyoijua, kimbia hospitali saa hiyo hiyo, kemist haitakufaa.

Jambo la mwisho ni kurudi. Mwili huzoea mwendo, ndiyo maana mabaharia hutapika mwanzoni mwa safari na si mwishoni, lakini ukikaa muda mrefu bila kupanda chochote unasahau. Afadhali bembea mbili nyepesi kila baada ya majuma machache kuliko kumi siku ya sikukuu. Mpwa wangu sasa anakaa safu ya tatu kutoka ncha ya jahazi, tumekubaliana atasogea safu moja kila akishuka anacheka. Vikombe atapanda na mama yake.