Ndege za plastiki za kuunda: uanze na kampuni gani, kwa mtazamo wa fundi simu wa Mwanjelwa

Mi ni fundi simu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na juu ya rafu ya ofisi kuna Spitfire ndogo, ile ndege ya vita ya Waingereza, yenye mabawa marefu kama kalamu ya biki. Kila mteja akikaa kusubiri skrini lazima aiulizie. Wengi wanadhani nimeinunua ikiwa hivohivo, nikisema niliipata kwenye boksi vipande vipande nikaiunda mwenyewe usiku wanacheka kwanza, alafu swali linalofuata ni lilelile, sasa na mi nikitaka kuanza ninunue ya kampuni gani? Nimechoka kujibu huku nimeshika kibano mdomoni, ngoja niandike mara moja. Na niseme mapema haya ni mapenzi yangu mimi, kuna mwalimu mmoja wa Iringa tunabishana nae kwenye simu kila wiki, ukimsikiliza yeye utanunua vitu tofauti kabisa.

Kabla ya kampuni, skeli. Ukiona 1/72 maana yake ndege halisi imegawanywa mara 72. Spitfire ya kweli mabawa yake ni mita 11 na kidogo, kwahiyo kwenye 1/72 unapata kama sentimita 15 na nusu, kwenye 1/48 unapata 23. Ndege za abiria zinakuja zaidi kwenye 1/144 maana kubwa kuliko hapo utakosa pa kuziweka, Dreamliner 787-8 ina urefu wa mita 56.7, ukiigawa kwa 144 bado inabaki sentimita 39. Kama umepanga chumba kimoja kama mimi nilivyokuwa Soweto ya hapahapa Mbeya, chagua skeli moja ubaki nayo, rafu itajaa kabla hujajua. Mi nilianza na 1/72 na sijahama, isipokuwa kwa za abiria.

Sasa nije kwenye lile ambalo watu hawaambiwi. Jina lililoandikwa kwenye boksi linakudanganya, kitu cha kuangalia ni umri wa kalibu. Kalibu ni lile bonge la chuma ambalo plastiki inamiminwa ndani, ni ghali sana kutengeneza, kwahiyo kampuni ikishakuwa nayo inaitumia miaka na miaka, inabadilisha picha ya boksi na stika tu. Airfix wa Uingereza wapo tangu 1939, wakaja kununuliwa na Hornby 2006, ina maana chini ya jina moja unaweza kukuta boksi lenye kalibu ya juzijuzi na lingine lenye kalibu ya miaka ya 1960, picha zote mbili zinang'aa. Ile VC10 yao ya 1/144, ndege ya abiria ya zamani, ni ya zama hizo za 60. Na mi VC10 naipenda kwa sababu Shirika la Ndege la Afrika Mashariki waliirusha, ila ukitaka iliyochongwa karibuni nenda kwa Roden wa Ukraine.

Alafu kampuni zinaazimana. Revell wanaweka kwenye maboksi yao ndege zilizotoka Hasegawa au Italeri, Tamiya nao kwenye 1/72 wana za Italeri ndani ya boksi la Tamiya. Sio wizi, ni biashara, wanakubaliana. Lakini we uliyelipia jina la Tamiya ukitegemea ule utamu wa Tamiya unafungua unakuta kitu kingine.

Utajuaje? Ingia tovuti ya Scalemates, andika jina la ndege na namba ya boksi, itakuonyesha ukoo mzima, kalibu ilizaliwa mwaka gani na imepita kwenye maboksi ya nani. Bure kabisa. Kama bando limekata, tafuta picha ya vipande vyenyewe, achana na ule mchoro wa juu ya boksi. Mistari ya bodi ikiwa imevimba juu kama kovu, na ribiti zimejaa kama upele, hiyo ni ya zamani. Mistari ikiwa imechimbwa ndani, mara nyingi ni ya karibuni zaidi. Kosa langu la kwanza ndo lilikuwa hapo, nilinunua boksi la bei chee, la kampuni ambayo sitaitaja, nusu mbili za bodi hazikutani, katikati pengo unaweza kuingiza kadi ya simu, nikapiga msasa wiki mbili mpaka mke wangu akauliza kama nimeanza useremala.

Haya, orodha yangu.

Namba moja kwa anayeanza ni Tamiya, mwalimu wa Iringa anune tu. Ni Wajapani wa Shizuoka, walianza 1946 na kiwanda cha mbao, plastiki ilikuja baadae. Ninachowapendea ni kwamba vipande vinakaa. Unaweka bawa kwenye bodi bila gundi linaingia sawasawa, kama betri ya simu za zamani. Zero yao ya 1/72, au Corsair, ni ndege ndogo za vita zisizo na mambo mengi, ukimaliza unajiona fundi na unataka nyingine. Hiyo hamu ya kutaka nyingine ndo unainunua. Ubaya ni bei, na ndege za abiria kwao usahau.

Airfix ndo wa moyoni kwangu, hasa kalibu zao za miaka ya 2010 kuja huku. Wana yale maboksi ya kuanzia yenye rangi, brashi na gundi humohumo, bei ya Tamiya moja ya 1/48 unaweza kupata mbili za namna hiyo. Dakota yao mpya ya 1/72 niliiunda kwa sababu babu aliwahi kupanda Dakota enzi hizo na mpaka leo anasimulia jinsi alivyotapika. Plastiki yao ni laini, ukiikata kwa papara inachanika, tumia kikata kucha kikali uache kibaki kidogo alafu umalizie kwa msasa.

Za abiria ni Zvezda, Warusi, kwenye 1/144 sioni wa kuwashinda kwa pesa ile. Ukitaka Dreamliner kama ile ya ATCL, shirika letu la ndege, iliyotua nchini Julai 2018, chukua 787-8 yao. Twiga wa mkiani utamchapisha mwenyewe kwenye karatasi ya stika za maji, ila kumbuka printa zetu hizi hazina wino mweupe, kwahiyo kila penye weupe patabaki wazi na kuonyesha rangi ya chini. Paka mkia rangi nyeupe kwanza ndo ubandike.

Mwalimu wa Iringa yeye ni mtu wa Eduard, Wacheki, kwa sababu wanaweka vile vibati vyembamba vya chuma, mikanda ya kiti cha rubani, vitasa, vidude vya dashibodi ambavyo ukipiga chafya umevipoteza. MiG-21 yao ni nzuri kweli, na ni ndege ya vita inayotuhusu maana Vita ya Kagera ilikuwepo. Lakini kuanzia hapo ni sawa na kujifunzia udereva mlima Kitonga na semi.

Revell ni bahati nasibu, zipo nzuri sana na zipo za mizimu, angalia ukoo. Kinachonichosha kwao ni karatasi ya maelekezo, inakwambia changanya rangi hii asilimia 75 na ile 25, we una vikopo vitatu. Hasegawa wana mistari safi ila chumba cha rubani mara nyingi kitupu. Academy wa Korea Kusini wapo katikati, sina ugomvi nao.

Kuagiza sasa. Boksi lenyewe linakuja bila shida, linatua Dar linapanda basi. Gundi na rangi ndo mtihani, vinashika moto, wasafirishaji wengi wa ndege hawavibebi. Mi natumia thina ya wapuliza magari, naigusisha kwa brashi ndogo kwenye maungio, inayeyusha plastiki kidogo vipande vinashikana vyenyewe. Jaribu kwanza kwenye fremu, ile plastiki inayoshika vipande vikiwa kwenye boksi, thina hazifanani. Na mabaki ya fremu ukiyakatakata ukayaloweka kwenye chupa ya thina unapata uji wa kuzibia mapengo. Fungua dirisha, kaa mbali na jiko la mkaa, mvuke wake sio wa kuchezea. Supagluu weka mbali na kioo cha rubani, inaacha ukungu mweupe usiotoka, kioo kibandike na gundi nyeupe ya mbao.

Kabla ya kupaka chochote osha vipande na sabuni ya vyombo, vinatoka kiwandani na mafuta. Rangi ya kopo ya magari inafaa, ila puliza nyembambanyembamba kutoka mbali, ukimwaga kwa mara moja inaila plastiki.

Ndege yenye gurudumu la mbele kama Dreamliner inataka uzito puani, la sivyo itakaa mkia chini kama mbwa. Mi natumia chubwi za wavuvi, kuna jamaa ananiletea kutoka Kyela. Shikisha bodi na mabawa kwa utepe, iegemeze kwenye vidole viwili pale yanapokaa magurudumu makubwa, ongeza chubwi mpaka pua ishuke, alafu ongeza moja ya ziada. Ukishafunga bodi hakuna kurudi. Spitfire na Dakota hazihitaji, zenyewe zimelala mkia.

La mwisho ni hali ya hewa yetu. Wakati wa mvua rangi ya kung'aa inapiga ukungu, Juni na Julai baridi linafanya rangi ikae mbichi siku mbili, na kuanzia Agosti ni vumbi, yani hakuna mwezi uliotulia. Mi Juni naweka kopo la rangi kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano kabla ya kupuliza, vuguvugu tu, sio ya moto. Nikimaliza nafunika ndege na ndoo mpaka asubuhi. Andika kwenye ndoo kwamba isiguswe. Dakota yangu ya kwanza ilikanyagwa na mtu aliyeamka saa kumi na moja kwenda kuteka maji, na hakuwa na kosa lolote, ndoo ilikuwa ya kwake.