Kugandisha chakula nyumbani: kazi kubwa iko kabla ya kufunga mlango wa friza

Watu wengi wakipata mboga nyingi wanaosha tu, wanajaza kwenye mfuko wanatupia kwenye friza basi, alafu baada ya miezi kadhaa njegere zimepauka hazina ladha na lawama zote zinaenda kwa friza. Mboga zina vimeng'enya, yaani kemikali zake za asili zinazozibadilisha taratibu, na baridi haivizimi, inavipunguza kasi tu, kwa hiyo vinaendelea kula rangi na ladha taratibu humo humo kwenye barafu. Kinachovizima ni maji ya moto.

Bandika maji mengi yatokote kabisa, tumbukiza mboga kidogo kidogo, na yakianza kutokota tena ndo uhesabu: karoti za vipande dakika 2, maharage mabichi 3, njegere dakika 1 na nusu, spinachi 2. Toa hapohapo uzamishe kwenye maji ya barafu kwa muda uleule, maana zikibaki na joto zinaendelea kuiva zenyewe. Chuja, tandaza kwenye kitambaa safi zikauke, na hapa msiharakishe jamani, maji yakibaki yanagandisha mfuko mzima kuwa bonge moja hata kiganja cha njegere huchomoi.

Kingine ni kasi. Chakula kikiganda polepole maji ya ndani yanafanya chembe kubwa za barafu zinazopasua seli, ndo maana nyama nyingine ikiyeyuka inamwaga maji halafu ikipikwa inakuwa kavu. Funga mafungu madogo ya kupika mara moja, yawe bapa, kamua hewa yote, na usirundike mifuko mpaka igande kwanza. Yale madoa makavu ya kijivu kwenye nyama ni hewa imeingia, hayadhuru ila hayana utamu, yakate tu. Supu iachie nafasi juu, maji yakiganda yanaongezeka kama asilimia 9 na chupa ya glasi inapasuka.

Andika tarehe. Nyama ya kusaga itumie ndani ya miezi 3 hadi 4.

Friza iwe nyuzi -18, lakini kumbuka baridi hiyo haiui bakteria wengi, inawalaza tu. Ukiyeyusha nyama mezani, nje inalainika na bakteria washaamka huku katikati bado jiwe. Iweke kwenye bakuli, rafu ya chini ya friji, usiku kucha.

Umeme ukikatika usifungue fungue mlango: friza iliyojaa inashika baridi kama masaa 48, iliyo nusu 24. Chakula chenye barafu bado unaweza kugandisha tena, ladha itapungua kidogo tu. Ila nyama, samaki au chakula kilichopikwa kikishapoteza baridi zaidi ya masaa 2, tupa, hata kama kinanukia vizuri, kwa sababu bakteria wanaoumiza tumbo mara nyingi hawabadilishi harufu wala ladha.