Somo: Namna ya kuzisaidia biashara za mji mdogo baada ya moto wa nyika (Australia)

Kila kiangazi moto unapowaka New South Wales au Victoria, Waswahili tunaoishi mijini huulizana swali lile lile: tukusanye nguo, tuzipeleke wapi? Nimechoka kulijibu kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa mara moja, na mifano yangu ni ya moto mkubwa wa 2019 na 2020. Somo linahusu biashara tu, yaani duka, mkahawa, karakana na nyumba ya wageni.

Hatua ya 1. Subiri barabara ifunguliwe rasmi.

Hatua ya 2. Tafuta pia biashara ambazo hazikuungua. Cobargo, mji mdogo wa New South Wales ambao sehemu ya barabara yake kuu iliteketea tarehe 31 Desemba 2019, ilionekana kwenye kila televisheni. Haikuonekana sana miji jirani ya pwani iliyobaki na kuta zake lakini ikapoteza wateja, maana mwanzoni mwa Januari 2020 watalii waliamriwa kuondoka katika eneo kubwa linaloshuka hadi mpaka wa Victoria. Huko Januari ndio msimu wa mavuno ya utalii, na fedha yake ndiyo inayolipa kodi ya pango na mishahara hadi baridi ipite. Machi ikaja Korona.

Hatua ya 3. Usipeleke vitu. Lori la mablanketi ya bure likishushwa mbele ya duka linalouza mablanketi, mwenye duka ameunguzwa mara ya pili.

Hatua ya 4. Kabla ya kuchanga fedha, soma hati ya mfuko unaouchangia. Hapa ndipo watu wenye nia njema hukwama, nami naomba msome polepole. Mwezi Januari 2020 mchekeshaji Celeste Barber alianzisha mchango uliokusanya zaidi ya dola milioni 51 za Australia, na wachangiaji wengi waliamini kwamba fedha hizo zingegawiwa waathirika, mashirika mengine na hata wanyama. Mfuko uliotajwa, hata hivyo, ulikuwa wa udhamini wa vikosi vya zimamoto vya vijijini vya New South Wales, na hati yake ilitaja vikosi hivyo. Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kwamba fedha hizo haziwezi kuhamishiwa mashirika mengine wala kupewa waathirika kwa ujumla, ingawa zingeweza kuwasaidia wazima moto waliojeruhiwa na familia za waliofariki. Hakuna aliyeiba, hati ndiyo iliyosema hivyo tangu mwanzo. Angalieni pia jambo la pili: shirika la hisani la Australia kwa kawaida haliwezi kutumia sadaka kuinua biashara ya faida ya mtu binafsi, hata ikiwa biashara hiyo imebaki majivu. Kwa hiyo ukitaka fedha yako imfikie mwenye mkahawa, mfuko wa hisani mara nyingi si njia yake.

Hatua ya 5. Nunua. Lipia leo chumba utakachokilalia miezi ijayo, nunua vocha, agiza asali au jibini kwa posta. Kampeni ya Empty Esky iliwahimiza watu wasafiri na sanduku tupu la kupozea vinywaji na chakula, walijaze katika miji iliyoathirika. Mwanariadha na mwandishi Turia Pitt naye aliendesha ukurasa wa Spend With Them uliowaunganisha wanunuzi na wafanyabiashara. Usiombe punguzo la bei.

Hatua ya 6. Mwenye ujuzi wa hesabu au sheria ajitolee kwenye makaratasi, kwani ruzuku na mikopo nafuu ya serikali hudai ushahidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mpita Njia: Ahsante kwa somo. Sasa nguo tuzipeleke wapi?

Jibu: Hatua ya 3.

Bahari Shwari: Kwa hiyo unatuambia tusichangie kabisa? Huo ni uchoyo, ndugu.

Jibu: Sikusema hivyo, na naomba nisitiliwe maneno mdomoni. Familia iliyopoteza nyumba inahitaji sadaka, na mashirika ya kuipokea yapo. Nimesema duka linahitaji mauzo.

Mwanafunzi wa Uhasibu: Shikamoo mwalimu. Ikiwa vitabu vya hesabu viliungua pamoja na duka, hasara inathibitishwaje?

Jibu: Marahaba, mwanangu, swali hili ni la maana. Anza na benki, kwa sababu taarifa za akaunti hazikuwa dukani. Mamlaka ya kodi huwa na nakala za marejesho yaliyokwisha kuwasilishwa, na wauzaji wa jumla wana ankara zao. Picha zilizopigwa na wateja humo dukani huonyesha rafu na mashine. Mwambie mwenye duka asizoe kifusi kabla mkaguzi wa bima hajakiona, na asikikanyage ovyo, kwa kuwa majengo mengi ya kabla ya 1990 yana asbesto. Kisha soma naye kipengele cha bima ya kukatika kwa mapato: muda wa kulipwa una kikomo, mara nyingi miezi 12, ilhali kupata kibali na fundi katika mji ulioungua wote kunaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Akipewa malipo ya mkupuo, apate kwanza makadirio ya ujenzi wa sasa, hasa ikiwa ni nyumba ya wageni, kwa sababu majengo ya kulala hulazimika kufuata viwango vya kuhimili moto ambavyo jengo la zamani halikuwa navyo.

Dereva wa Geelong: Nyongeza: chukueni noti. Umeme na mtandao vikikatika, mashine za kadi hufa.

Jibu: Kweli kabisa, dada. Na jazeni mafuta huko huko, si mjini kabla ya safari, ila pigeni simu kwanza kuuliza kama kituo kina akiba.

Mpita Njia: Na viatu je?

Jibu: Hatua ya 3.