Namna ya kufuata maneno ya Césaire kutoka shairi hadi jukwaani

Nafundisha Kifaransa huku Katuba, Lubumbashi, na jioni naongoza kikundi cha vijana wa teatri. Tunamsoma Aimé Césaire wa Martinique, kwa sababu aliandika tamthilia juu ya Lumumba, na Lumumba aliuawa huku kwetu, upande wa Shilatembo, tarehe 17 Januari 1961. Vijana wote wanataka kuanza na Lumumba. Wewe anza na shairi, maana baadhi ya maneno wanayosema wahusika wake yalizaliwa humo.

Shairi ni *Cahier d'un retour au pays natal*, lililotoka kwanza mwaka 1939. Lisome lote kwa sauti bila kuandika kitu. Mara ya pili shika kreyo, utafute neno ambalo mshairi haachi kuligonga. Humo mojawapo ni *debout*, kusimama wima. Karibu na mwisho linafuatana mstari kwa mstari: watu waliofungwa ndani ya merikebu ya watumwa wamesimama, kwenye upepo wamesimama, juani wamesimama, katika damu wamesimama. Na mapema zaidi, akiitaja Haiti, anasema ndiko négritude, yaani fahari ya kuwa mtu mweusi, « se mit debout », ilisimama wima, kwa mara ya kwanza.

Fungua kaye, ukurasa uugawe pande mbili: shairi kushoto, tamthilia kulia. Nakili Kifaransa chake herufi kwa herufi, kwa sababu ukitia Kiswahili chako mapema utajikuta unalinganisha maneno yako mwenyewe. Pembeni andika ukurasa, mwaka wa toleo, nani anasema na anamwambia nani. Mwaka wa toleo usiuache kamwe: *Cahier* iliongezwa na kubadilishwa mwaka 1947 na tena 1956.

Sasa chukua *La Tragédie du roi Christophe*, ya 1963. Christophe alikuwa mfalme wa kaskazini mwa Haiti, 1811 hadi 1820. Anataka ngome ijengwe juu kabisa mlimani, na anasema taifa hili walilotaka lipige magoti lilihitaji jengo « qui le mît debout », jengo la kulisimamisha. Nchi ileile, kitenzi kilekile, neno lilelile. Hapo andika bila wasiwasi.

Usiishie hapo, hata kama umefurahi. Angalia nani anamsimamisha nani. Kwenye shairi ni « se mit »: négritude inasimama yenyewe, haingoji mtu. Kinywani mwa mfalme, taifa linasimamishwa, na ili lisimamishwe lazima kwanza libebe mawe hadi kileleni. Mkewe amemwonya kwamba anawadai watu kupita kiasi, mfalme hasikii. Kile kiambishi kidogo, *se*, kikiondoka, sifa inageuka amri. Mimi naona msiba wote wa mchezo umekaa hapo. Kijana wetu anayeigiza Christophe alikuwa anaipaza sentensi ile kwa shangwe tupu. Nilimpa asome mstari wa Haiti kwanza, halafu wa mfalme, na tangu siku hiyo anauanza kwa nguvu na kuumaliza kwa mashaka. Huko ndiko kufundishwa na maneno.

Kwa Lumumba, katika *Une saison au Congo* (1966), uwe mwangalifu zaidi. Shairi linasema kinywa changu kitakuwa kinywa cha maafa yasiyo na kinywa. Lumumba naye anasema hana silaha ila neno lake, kisha anarudia « je parle, et… », nasema, nasema tena, hadi Afrika irudishwe kwa wenyewe. Ni ndugu, lakini maneno si yaleyale. Kinachofanana ni mtu anayejitoa awe sauti ya wengine. Liweke kwenye ukurasa mwingine, wa mawazo. Huko huko umweke mwasi wa *Et les chiens se taisaient*, anayetaja jina lake kuwa aliyetukanwa, pamoja na Caliban, mtumwa wa *Une tempête* (1969), anayedai aitwe X kwa kuwa jina lake liliibwa. Na usimhesabu mwasi huyo mara mbili: maneno yake yalitoka kwanza ndani ya kitabu cha mashairi, 1946, ndipo yakapangwa kwa ajili ya jukwaa, 1956.

Maneno kama jua, damu na usiku yapite. Kila mshairi anayo.

Ukimaliza ukurasa, simamisha wasomaji wawili, mmoja na shairi, mwingine na tamthilia, wasome kwa zamu mbele ya mtu ambaye hajaona kaye yako. Akikukatiza na kusema, « neno hilo nimelisikia sasa hivi », liache palepale. Ikibidi umweleze, lifute.