Jinsi ya Kulinganisha Roboti na Matundu Madogo ya Kawaida Kabla ya Kuondolewa Kizazi

Ukishauriwa kuondolewa kizazi kwa njia ya matundu madogo tumboni, kisha ukaulizwa kama ungependa roboti itumike, elewa kwanza kwamba roboti haifanyi upasuaji yenyewe. Daktari ndiye anayeufanya, akiwa ameketi hatua chache kutoka kitandani, akitazama picha yenye kina na kuongoza kwa vidole vifaa ambavyo ncha zake hujipinda pande zote, jambo linalorahisisha hasa kushona sehemu ya juu ya uke baada ya kizazi kutoka. Katika njia ya kawaida husimama kando yako, ameshika vifaa virefu vilivyonyooka, na msaidizi akiongoza kamera. Kwako wewe mengi hayabadiliki: utapewa dawa ya usingizi, tumbo litajazwa gesi, na mara nyingi utaruhusiwa siku hiyohiyo au kesho yake.

Usilinganishe kwa matangazo ya hospitali. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la JAMA, uliohusisha wanawake zaidi ya 264,000 walioondolewa kizazi kwa njia mbalimbali kwa magonjwa yasiyo ya saratani, ulikuta waliopata madhara ni asilimia 5.5 kwa roboti na 5.3 kwa njia ya kawaida, ilhali roboti iliongeza gharama kwa takriban dola 2,000. Kwa maoni yangu, kwa uvimbe wa kawaida na kizazi kisicho kikubwa sana, nyongeza hiyo haina sababu ya kutosha. Mwenye unene mkubwa au makovu mengi tumboni ana hoja nzito zaidi ya kuifikiria roboti.

Muulize daktari ni wagonjwa wangapi huwafanyia kila mwaka kwa njia anayoipendekeza, na mara ngapi hulazimika kufungua tumbo katikati ya kazi. Mkono uliozoea una uzito kuliko mashine. Muulize pia kama kizazi kinaweza kutolewa kupitia ukeni, njia ambayo wataalamu wa Marekani huipa kipaumbele inapowezekana, lakini ambayo wagonjwa wengi hawatajiwi kabisa.

Ikiwa tatizo ni saratani ya mlango wa kizazi, ulinganisho huu usimamishe kwanza. Jaribio lililochapishwa mwaka 2018 lilionyesha kwamba wanawake waliofanyiwa upasuaji mpana (wa kuondoa kizazi pamoja na tishu zinazokizunguka) kwa matundu madogo, kwa roboti au bila roboti, walirudiwa na saratani na kufariki zaidi kuliko waliofunguliwa tumbo.