Kueleza udumavu kwa mzazi ambaye ghala lake limejaa

Ukiwaambia wazazi wa Iringa au Njombe kwamba watoto wao wamedumaa, wengi watashangaa, na wana haki ya kushangaa. Ghalani kuna mahindi, shambani viazi na maharage, parachichi zinasubiri gari la mnunuzi. Mtoto mwenyewe ana mashavu na anacheza. Udumavu ni ufupi usiolingana na umri, na macho hayauoni. Kwa hiyo usianze na neno, anza na kipimo.

Kabla ya kikao, kata fito nne za mwanzi. Kwa mvulana wa miaka 2 kamili, akipimwa amelala, ufito mmoja uwe wa sentimita 87.8, urefu wa katikati kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani. Wa pili 81.7, na aliye chini ya hapo ndiye aliyedumaa. Kwa msichana ni 86.4 na 80. Wape wazazi wazishike, wazilinganishe wenyewe. Picha ya mtoto aliyekonda mbavu nje usiilete kabisa: huo ni ukondefu, na mzazi ataondoka akisema, "Wangu si hivyo."

Fito ni za kuelezea tu. Kupima ni kwa ubao wa kupimia urefu, pembeni, na majibu apewe mzazi peke yake. Mvue mtoto viatu, soksi na kofia hata kama kuna baridi, fungua nywele zilizofungwa utosini, kichwa kiguse ubao, magoti yanyooke. Goti likikunjwa kidogo tu, urefu unapungua na umeitia familia hofu ya bure. Mizani ya kliniki haitoshi, maana mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na uzito unaolingana na ufupi wake.

Asilimia ziache ofisini. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu wa karibu asilimia 57 kwa Iringa, 50 kwa Njombe na 30 kwa nchi nzima, kwa watoto chini ya miaka 5. Panga punje 10 za mahindi: tenga karibu 6 kwa Iringa, 5 kwa Njombe, 3 kwa Tanzania. Kimya kitakachofuata usikijaze haraka.

Kisha baba mmoja atasema, "Ukoo wetu ni wafupi." Usimbeze. Mwambie viwango vya zile fito vilitokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, na waliolelewa na kulishwa vizuri walikua karibu sawa katika miaka 5 ya kwanza. Ukoo huonekana zaidi baadaye.

Siku 1,000, tangu mimba kutungwa hadi miaka 2, zieleze kama karibu misimu mitatu ya mahindi. Mjamzito naye yumo humo: mlo wake ni mlo wa mtoto.

Kwenye chakula ndipo utumie muda mrefu zaidi, tena ukiwa na bakuli la mililita 250 mkononi. Miezi 6 hadi 8, maziwa ya mama yakiendelea, anza na vijiko vya chakula 2 au 3, uongeze hadi nusu bakuli, mara 2 au 3 kwa siku. Miezi 9 hadi 11 nusu bakuli, mara 3 au 4. Mwaka 1 hadi 2, robo tatu hadi bakuli zima. Kosa kubwa ni uji mwepesi wa mahindi matupu: unajaza tumbo, haujengi mwili. Uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, na siku hiyohiyo mtoto apate maharage yaliyopondwa, yai au dagaa, mboga za majani, na parachichi moja litolewe kwenye tenga la kuuza.

Usimalize kwa kuuliza "Mmeelewa?" Wote wataitikia ndiyo. Mgeukie bibi anayebaki na mtoto mama akienda shamba: "Bibi, kesho mchana utampa nini, na kiasi gani?" Akijibu "uji" peke yake, mpe bakuli, muanze upya.