Ndevu za kidevuni na sindano ya umeme: nilivyofanya mimi, fundi cherehani wa Majengo

Nimeshona Majengo, hapa Dodoma, miaka kumi na tisa, na karibu nusu ya miaka hiyo droo ya cherehani yangu ilikuwa na kibano kimejificha chini ya vifungo. Mchana wateja wakipungua nasogea mlangoni penye mwanga, nageuza kidevu kwenye kioo cha kujaribia nguo, nang'oa. Wiki haijaisha zimerudi, na nyingine zimejikunja chini ya ngozi zikaacha kipele na doa jeusi. Siku hizi sing'oi. Wateja wangu hunong'ona wakati nawapima mabega, "Mama, zile zimeenda wapi?" Basi nawaandikia wote kwa mpigo mmoja.

Anza hospitali, saluni baadaye. Ndevu kwa mwanamke mara nyingi ni za kurithi, na mara nyingi ni homoni, hasa ule ugonjwa wa vifuko vingi kwenye ovari unaovuruga hedhi. Mimi nilipimwa homoni, sukari na ultrasaundi ya tumbo, nikapewa dawa. Ukiruka hatua hii utalipia sindano huku mwili unageuza vinyweleo laini vingine kuwa ndevu mpya, yaani unadeki huku bomba linavuja. Na kama nywele zimetoka ghafla ndani ya miezi michache, sauti imekuwa nzito au nywele za kichwani zinakatika utosini, usisubiri mshahara, nenda wiki hii.

Jambo jingine wenzangu hawapendi kulisikia: mkorogo. Krimu zenye steroidi kali, zile za kung'arisha uso, huotesha vinyweleo usoni. Nimeona wasichana wanapaka asubuhi na kunyoa jioni. Acha krimu kwanza, tena kwa ushauri wa daktari, maana ukiikatisha ghafla uso unaweza kuvimba na kuwaka.

Sasa yenyewe. Wanaita elektrolisisi. Sindano nyembamba kama unyweleo huingizwa kwenye kitundu kile kile unyweleo unakotokea, haitoboi ngozi mpya, kisha umeme kidogo sana hupita hadi kwenye shina. Ziko njia tatu. Ya kwanza hutumia umeme wa mkondo mmoja: chumvi na maji yaliyomo ndani ya kitundu hugeuka kostiki, hiyo hiyo wanayochanganya akina mama wa sabuni, na kostiki inalila shina. Ni ya polepole, ila inafika popote palipo na majimaji. Ya pili ni joto la masafa ya juu, huchukua sekunde moja au chini ya hapo kwa kila unyweleo. Ya tatu inachanganya zote mbili. Fundi wangu wa elektrolisisi, yuko Dar, alinipa hii ya tatu kwa sababu sisi nywele zetu zimejikunja hadi mzizini, na sindano imenyooka. Pale ncha isipogusa shina, kostiki yenye moto hulifuata penye kona. Na kung'oa kwa miaka mingi huzidi kukunja hivyo vitundu, kwa hiyo hesabu madhambi yako.

Chanzo cha kazi hii kilinichekesha. Mwaka 1875, Charles Michel, daktari wa macho wa St. Louis, Marekani, aliandika jinsi alivyoitumia kuondoa kope zilizoota kuelekea ndani ya jicho. Bibi yangu wa Kongwa alikuwa na tatizo hilo hilo kwa sababu ya trakoma, na alitembea na kibano chake kimefungwa kwenye pindo la kanga. Kumbe kibano nimerithi.

Utauliza, kwa nini si leza? Leza hutafuta rangi nyeusi ya unyweleo, na ngozi yetu nayo ni nyeusi, kwa hiyo mashine isiyofaa inaunguza. Kwa ngozi nyeusi salama zaidi ni leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064, na hata hiyo hupunguza tu, tena mvi haizioni kabisa. Mimi nilikuwa na mvi sita kidevuni. Sindano haijali rangi. Vile vibano vya umeme vya kuagiza mtandaoni, unabana unyweleo kwa nje halafu eti umeme unashuka wenyewe hadi mzizini, usinunue. Unyweleo haupitishi umeme kiasi hicho.

Fundi ndiye kila kitu. Mimi sindano naijua, nilimwangalia mikono kabla sijaangalia cheti. Sindano itoke kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe mbele yako, itupwe mbele yako kwenye boksi la vitu vyenye ncha. Hapa tunazungumzia VVU na homa ya ini, usione haya kuuliza. Vibano viwe vimetoka kwenye mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, kuvifuta kwa spiriti hakutoshi. Awe na taa na lenzi ya kukuza. Akuulize maswali: una mimba, una kisukari, una betri ya moyo, kidonda chako huwa kinavimba kikawa kovu kubwa? Asiyeuliza, aga kwa heshima uondoke. Mwenye betri ya moyo asiguse kabla ya kusikia neno la daktari wake wa moyo. Kama una asili ya makovu ya kuvimba, mwambie ajaribu nyweleo chache chini ya taya, mkae wiki kadhaa mwone. Mimi sina asili hiyo na bado nilidai majaribio.

Sasa maandalizi, na hapa ndipo nilipopoteza safari yangu ya kwanza. Nilifika Dar nimeng'oa juzi yake kwa aibu ya kuonekana na ndevu ndani ya basi. Fundi, binti wa rika la mwanangu, akaangalia kidevu kwa lenzi, akasema, "Mama, sina cha kushika." Nikarudi Dodoma na nauli imeliwa. Kwa hiyo: using'oe, usitumie uzi wala nta kwa wiki nne hadi sita. Ukishindwa kuvumilia, nyoa kwa wembe au kata kwa mkasi, halafu siku tatu za mwisho acha zitokeze kiasi cha kushikika. Nilivaa mtandio, nikavumilia. Kunywa maji ya kutosha siku mbili kabla, maana umeme ule unahitaji unyevu kwenye ngozi, na hewa yetu ya Julai inakausha mpaka midomo inapasuka. Siku yenyewe njoo na uso mtupu bila mafuta.

Kwenye kiti utashika chuma kilichofungwa kitambaa kibichi, ndicho kinachokamilisha njia ya umeme. Sindano ikiingia hupaswi kuhisi kitu. Umeme ukija unahisi kama siafu, halafu joto. Mdomo wa juu ndio uliniliza, kidevu nilizoea. Ipo krimu ya ganzi, ila mwulize fundi kabla hujapaka. Kipimo ninachokupa ni kimoja: unyweleo ukitolewa unapaswa kuteleza kama uzi ulioachia pindo. Ukihisi umevutwa, shina halijafa, umelipia kung'olewa kwa bei ghali. Sema hapo hapo. Na asichome nyweleo zilizobanana mfululizo, aruke aruke, ngozi ipumue. Madoa meusi kwetu huanzia hapo.

Baada ya hapo uso unavimba kidogo na kuwa mwekundu au mweusi zaidi, saa chache hadi siku mbili. Barafu kwenye kitambaa safi, alovera safi, basi. Vigaga vidogo vikitokea usivibandue hata vikiwasha. Siku mbili usipake vipodozi, usikae kwenye jasho. Na kwetu Dodoma ongeza haya: jua na vumbi. Kutoka stesheni hadi Majengo nilijifunika mtandio wa pamba, na kofia ya bodaboda niliikataa mara moja tu, kwa sababu mkanda wake unapita kidevuni pale pale. Tangu siku hiyo napanda bajaji.

Muda. Nyweleo haziko zamu moja, nyingine zinakua, nyingine zimelala ndani, na shina hufa vizuri likikamatwa linakua. Ndiyo maana unarudi na kurudi. Nilianza Novemba 2023, nikaenda mara kumi na tatu katika miezi kumi na mitano. Za mwanzo kila wiki nne, saa nzima na nusu. Za mwisho dakika kumi na tano. Wanatoza kwa muda, kwa hiyo tenga fedha ya mwaka mzima kabla ya kuanza, na weka nauli kwenye hesabu. Mimi nilicheza mchezo wa kupeana na wenzangu sita wa soko, zamu yangu ikawa ndevu. Safari za kwanza nililala Dar kwa shangazi. Treni ya umeme ilipofika Dodoma Julai 2024 nikawa naondoka asubuhi, usiku nipo nyumbani, na shangazi akalalamika kwamba nimemtupa.

Miezi ya nne na ya tano utakata tamaa, unaona kama hakuna kilichobadilika. Piga picha kabla ya kila safari, mwanga ule ule, mlango ule ule.

Jumanne iliyopita nimepapasa nikakuta mmoja, mweupe, upande wa kushoto chini ya taya. Kibano sina tena, nilimpa kijana wangu wa cherehani anachomolea uzi. Nimeuacha ukue, tiketi nimekata ya tarehe kumi na nane.